Muziki Safi Ndani ya Gari la Japani: Mwongozo Kamili wa Kubadilisha Redio, Spika na Amplifaya

Magari mengi tunayoendesha Dar es Salaam, Nairobi na Kampala yametoka Japani yakiwa yametumika, na muziki wake umekuja nayo. Ukiwasha redio inakusalimu kwa Kijapani. Stesheni unayoipenda iko 100 na ushee, redio inaishia 90. Ukipandisha sauti kidogo, spika za mlangoni zinaanza kukwaruza na ubao wa mlango unatetemeka.

Wengi tukifika hapo tunakimbilia kununua sabufa kubwa ya kuweka kwenye buti. Nami nilifanya hivyo kwenye gari langu la kwanza. Nilipata kishindo kinachotikisa kibao cha namba, lakini maneno ya wimbo sikuyasikia vizuri zaidi ya mwanzo. Nimerudia kazi hii mara kadhaa tangu hapo, kwenye magari yangu na ya jamaa zangu, na msimamo wangu ni mmoja: anza mbele. Sauti ya mwimbaji, magitaa, kinanda na ngoma vyote vinatoka kwenye spika mbili za milango ya mbele. Zikiwa nzuri na zimefungwa vizuri, mtu anaweza kuishi bila sabufa. Zikiwa mbovu, hakuna sabufa itakayoziokoa.

Mfano nitakaotumia ni gari dogo la Toyota, tuseme IST, kwa kuwa ndilo ninalolifahamu hadi kwenye skrubu. Mengi humu yanafaa kwa Vitz, Premio, Fielder na hata magari ya kampuni nyingine, ila rangi za nyaya zitatofautiana.

Sikiliza na upime kabla ya kutoa hela

Kaa kwenye kiti cha dereva, funga vioo, piga nyimbo unazozijua kila kona yake. Mimi hutumia tatu. Ya kwanza ni dansi la zamani lenye gitaa la solo na la rithimu yakijibizana. Nataka niyasikie mawili, kila moja na nafasi yake. Ya pili ni taarab yenye fidla, kwa sababu twita (spika ndogo ya sauti za juu) mbaya huifanya fidla ichome masikio. Ya tatu ni kaswida ya dufu. Dufu likipigwa linapaswa kugonga na kunyamaza papo hapo. Likiendelea kuvuma, ujue mlango ndio unaoimba. Andika unachokisikia, maana baada ya kazi utasahau hali ilikuwaje.

Kisha chukua multimita, kile kifaa cha kupimia umeme. Betri nzima iliyopumzika husoma takriban volti 12.6. Injini ikiwaka, ipande kati ya 13.8 na 14.4. Sasa washa taa kubwa na kiyoyozi, acha gari lisimame silensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta), pima tena. Ikishuka chini ya 13, tengeneza kwanza alteneta, mkanda au betri.

Dukani, usisome wati zilizoandikwa kwa maandishi makubwa. Boksi linaloandika wati 600 linaweza kuwa na spika ya wati 60 za kweli. Tafuta neno RMS, hizo ndizo wati ambazo kifaa kinazihimili muda wote. Redio nazo ni hivyohivyo: ile iliyoandikwa wati 50 mara nne, kwa kawaida inatoa wati 20 hivi za RMS kwa kila spika.

Namba nyingine inayopuuzwa ni wepesi wa spika kuitikia nguvu, inayoandikwa kwa desibeli. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuongeza nguvu ya amplifaya maradufu. Kwa hiyo spika ya desibeli 92 ikipewa wati 20 za redio italia sawa na ya desibeli 89 iliyopewa wati 40. Kama huna mpango wa kununua amplifaya karibuni, tafuta spika za desibeli 90 na zaidi, za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Spika nzito za bei kubwa zinazodai wati 100 zitalia kinyonge kwenye redio tupu, nawe utadhani umeuziwa feki.

Redio

Redio za soko la Japani zimetengenezwa kwa masafa ya FM ya kwao, kuanzia 76 hadi 90, na zile za karibuni hufika 95. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Kile kidude kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena ili kushusha masafa kinafanya kazi, ila kinapunguza usafi wa mawimbi na kukulazimisha kukumbuka namba za uongo. Kama bado hujawa tayari kununua redio, kitumie. Kama unanunua, achana nacho.

Kabla ya kuchomoa chochote, washa redio iliyopo na uangalie ni ya aina gani. Redio nyingi za Kijapani zenye ramani hujifunga umeme wa betri ukikatika, na zikiwashwa tena zinadai namba ya siri au kadi ya ramani ambayo huenda ilibaki Japani. Kama umepanga kuendelea kuitumia, usitoe betri mpaka umeshajua namba hiyo. Kama inaondoka, haina neno.

Jambo la pili ni upana. Nafasi ya redio kwenye dashibodi ya Toyota ina upana wa milimita 200 na kimo cha 100. Redio nyingi za dukani zina upana wa milimita 178. Ukiifunga bila fremu utabaki na pengo la kama sentimita moja kila upande, na hapo ndipo vumbi litakapoingilia. Nunua fremu ya gari lako, au nunua redio iliyotengenezwa kwa upana wa 200.

Usikate plagi ya gari. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu karibu kila gari nililolifungua lilikuwa limeshakatwa plagi na nyaya kuunganishwa kwa kusokotwa na tepu, tepu yenyewe imeyeyuka kwa joto na kugeuka gundi. Kuna plagi za kuunganishia zenye meno 10 na meno 6, zinaingia moja kwa moja kwenye soketi za Toyota. Unaziunganisha na nyaya za redio mpya ukiwa umekaa mezani, kwa solda na mipira ya kusinyaa kwa joto, halafu kwenye gari unachomeka tu. Siku ukiuza gari, unarudisha redio ya zamani kwa dakika kumi.

Ukikuta zimeshakatwa, rangi za upande wa Toyota ni hizi: bluu yenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, kijivu ni umeme wa swichi, kahawia ni ethi, kijani ni taa za dashibodi. Spika ya mbele kulia ni kijani hafifu kwa chanya na bluu kwa hasi. Mbele kushoto ni waridi na zambarau. Nyuma kulia nyekundu na nyeupe. Nyuma kushoto nyeusi na njano. Redio ya dukani nayo ina rangi zake: njano ni umeme wa kudumu, nyekundu ni swichi, nyeusi ni ethi, nyeupe ni mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia, na kila hasi ya spika ina mstari mweusi. Angalia mtego uliopo. Nyeusi ya Toyota ni chanya ya spika, nyeusi ya redio ni ethi. Anayeunganisha rangi kwa rangi anaua redio siku ya kwanza. Thibitisha kila waya kwa multimita, kwa sababu fundi aliyepita kabla yako huenda alibadilisha mambo.

Wimbi la FM likiwa dhaifu baada ya kufunga redio mpya, angalia kama antena ya gari imechorwa kwenye kioo. Antena za namna hiyo zina kiamplifaya chake, na kinahitaji umeme kupitia waya wa bluu wa redio.

Redio utakayonunua iwe na matundu ya RCA ya kutolea sauti, hata kama leo huna amplifaya. Yakiwa na volti 4 ni bora kuliko 2, maana mawimbi yenye nguvu hayamezwi haraka na kelele za gari. Skrini kubwa inapendeza, ila redio yenye skrini ya kawaida na mipangilio kamili ya krosova (kugawa sauti za juu na za chini kwa spika zake) na ucheleweshaji wa sauti itakupa muziki bora kuliko skrini ya inchi 10 isiyokuwa navyo.

Mlango ndio boksi la spika

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko penginepo, na ndipo mafundi wengi wanapotumia muda mchache.

Spika inaposukuma hewa kwenda mbele, nyuma yake inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana, besi zinafutana. Sasa fungua ubao wa mlango wa gari lako utazame. Bati la ndani limejaa matundu makubwa yaliyofunikwa na nailoni nyembamba. Spika ya bei yoyote ukiifunga pale itavujisha besi zake zote kupitia matundu hayo, halafu utasikia watu wakisema spika za milangoni hazina besi.

Kwanza, usalama. Kama gari lina mifuko ya hewa ya pembeni, au utagusa nyaya zenye plagi za njano, toa hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kuanza. Kwa wenye haibridi kama Aqua na Prius: betri ya volti 12 mara nyingi iko nyuma, na nyaya nene za rangi ya chungwa haziguswi kwa sababu yoyote ile.

Ubao wa mlango umeshikwa na skrubu mbili au tatu pamoja na klipu kuzunguka ukingo. Skrubu hujificha nyuma ya kifuniko cha mkono wa kufungulia na ndani ya mshikio wa kuvutia mlango. Zitoe, kisha vuta ubao kuanzia chini kwa kifaa cha plastiki, si kwa bisibisi, na uwe na klipu za akiba kwa sababu za zamani lazima zikatike chache. Chomoa plagi ya vioo.

Spika za kiwandani kwenye Toyota nyingi zimefungwa kwa riveti. Toboa kichwa cha riveti kwa drili taratibu, na weka kitambaa chini kukusanya chenga za chuma, maana zikiruka zitanasa kwenye sumaku ya spika mpya na kukwaruza milele. Kabla ya kununua spika, shusha kioo mpaka chini na upime nafasi iliyopo kati ya bati na kioo. Spika ya inchi 6.5 inaingia upana, lakini sumaku nene inaweza kugonga kioo. Pete ya MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) ya milimita 18 huisogeza spika mbele na kuipa mahali imara pa kukaa. MDF hunywa maji, na mlango hupata maji kila mvua ikinyesha, kwa hiyo ipake vanishi au rangi ya mafuta mara tatu pande zote, pamoja na matundu ya skrubu.

Kinachofuata ni matandiko ya kuzuia mtetemo. Nunua yale ya butili (mpira mzito unaonata) yenye karatasi ya alumini juu. Watu hutumia karatasi za lami za kuezekea kwa sababu ni rahisi. Katika jua la Dar mlango hupata moto kama kikaango, lami inanuka, inalegea na kuanguka ndani ya mlango juu ya mashine ya kioo. Safisha bati la nje kwa ndani kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Huna haja ya kufunika bati lote. Robo ya eneo, ikibandikwa katikati ya sehemu pana na nyuma ya spika, inatosha kuua mlio wa debe. Kandamiza butili kwa rola mpaka michoro ya alumini ipotee. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Mwanzo linalia "teng", baadaye "tup".

Halafu ziba matundu ya bati la ndani. Madogo yafunike kwa butili yenyewe. Makubwa yawekee kwanza kipande cha bati jembamba au plastiki ngumu, kisha butili juu. Hakikisha waya wa kufungulia mlango na fimbo za kitasa zinatembea bila kukwama. Usizibe vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango, hivyo ni vya kutolea maji. Ukiviziba mlango utaoza kuanzia ndani.

Kuhusu aina ya spika, ukiwa na uwezo chukua seti yenye twita za peke yake na krosova zake. Twita zikae juu, kwenye pembe ya kioo cha pembeni au juu ya dashibodi, na sauti itapanda kutoka magotini mpaka usawa wa macho. Uwezo ukiwa mdogo, zile zenye twita katikati ya koni zinafaa, na mlango uliozibwa vizuri utazifanya zishinde spika ghali zilizofungwa kwenye nailoni.

Kabla ya kurudisha ubao, hakiki chanya na hasi. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa ncha za waya wa spika kwa nusu sekunde. Chanya ikigusa chanya, koni inatoka nje. Ikiingia ndani umegeuza. Spika moja ikigeuzwa haitaungua, lakini besi za kushoto na kulia zitafutana na mwimbaji atasikika kama yuko mahali pasipojulikana.

Sasa kaa usikilize, kwa redio tupu, wiki moja au mbili. Kuna watu walifika hapa wakaridhika, hawakununua kitu kingine.

Umeme wa amplifaya

Kwa wanaoendelea. Nitaanza na kisa, kwa sababu sitaki kimpate mtu mwingine.

Gari langu la kwanza nililipeleka kwa fundi aliyesifiwa sana mtaani. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaupitisha kwenye tundu la bati linalotenga injini na ndani ya gari bila kuweka mpira, na fyuzi akaifunga nyuma, jirani na amplifaya. Kulipendeza. Miezi michache baadaye, nikiwa kwenye foleni, nikasikia harufu ya plastiki, kisha moshi mweupe ukatoka chini ya zulia upande wa abiria. Ukingo wa bati ulikuwa umeutafuna waya kidogo kidogo kwa mtikisiko wa barabara mpaka ukagusa shaba. Fyuzi ilikuwa nzima, kwa sababu shoti ilitokea kabla yake. Niliokolewa na spana namba 10 iliyokuwa mlangoni. Nilifungua boneti na kutoa kichwa cha betri, mkono ukatoka na malengelenge. Waya ulikuwa umekata zulia kama kisu cha moto.

Fyuzi kazi yake ni kuulinda waya, wala si amplifaya. Ndiyo maana inakaa karibu na betri, isizidi sentimita 45 kutoka kwenye kichwa cha chanya. Waya unapopita kwenye bati, tumia mpira wa tundu uliopo kiwandani au toboa tundu jipya na uweke mpira wake, kisha valisha waya bomba la plastiki lenye mikunjo sehemu yote ya injini, mbali na eksozi na feni.

Hesabu ya waya na fyuzi ni hii. Tuseme amplifaya inatoa wati 60 mara nne na 250 za sabufa, jumla 490 za RMS. Amplifaya za kisasa za daraja D hutumia vizuri takriban asilimia 80 ya umeme, kwa hiyo inavuta wati 612. Gawanya kwa volti 13.8, unapata ampea 44. Fyuzi ya 50 au 60 inafaa. Waya namba 4 wa shaba (kwa kipimo cha AWG, namba ikiwa ndogo waya ni mnene zaidi), kwa urefu wa mita 5 kutoka betri mpaka buti, utapoteza chini ya volti 0.2 kwa mzigo huo. Namba 8 utapoteza karibu 0.5. Chukua namba 4.

Waya wa shaba kweli. Sokoni umejaa waya wa aluminiamu uliopakwa shaba, na ngozi yake ya plastiki imenenepeshwa ili uonekane wa maana. Kwa unene uleule hupitisha takriban theluthi mbili tu ya kinachopitishwa na shaba. Mwombe muuzaji akukatie kipande, kwaruza unyuzi mmoja kwa wembe: ukiona rangi ya fedha ndani, ni aluminiamu. Kama ndio unaopatikana au unaoumudu, chukua ulio mnene zaidi kwa hatua moja na upunguze fyuzi.

Ethi ya amplifaya iwe na unene uleule wa waya wa chanya na isizidi nusu mita. Tafuta bati la bodi lenyewe, kwaruza rangi kwa msasa mpaka uone chuma king'aacho, funga kwa kichwa cha pete, boliti na washa yenye meno. Usitumie boliti ya mkanda wa kiti. Ile inashikilia roho za watu. Ukishakaza, paka rangi au grisi juu. Sisi wa pwani hili si la hiari, kwani chumvi ya hewa hula chuma kilicho wazi kabla mwaka haujaisha.

Waya wa bluu wenye mstari mweupe wa redio ndio unaoiamrisha amplifaya kuwaka. Ukiunganishwa kwenye umeme wa kudumu, amplifaya haitalala, na asubuhi utasukuma gari. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari, nyaya za RCA upande wa pili.

Amplifaya na sabufa

Kwa gari dogo, amplifaya ya chaneli tano ndiyo suluhisho safi: nne za milango na moja ya sabufa, waya mmoja, ethi moja. Ifunge mahali penye hewa, si juu ya boksi la sabufa, mtetemo hulegeza solda zake.

Kuwa makini na omu. Sabufa yenye koili mbili za omu 4, ukiziunganisha sambamba unapata 2, ukiziunganisha mfululizo unapata 8. Soma amplifaya inaruhusu kushuka mpaka ngapi. Ikiandika 4 nawe ukaipa 2, itazima kwa joto au itaungua kabisa.

Sabufa moja ya inchi 10 kwenye boksi lililozibwa ndiyo ninayomshauri kila mtu mwenye gari la kifamilia. Boksi lenye tundu hupiga kwa nguvu zaidi, lakini likikosewa vipimo linavuma noti moja tu, na dufu utalisikia kama pipa. Fuata lita zilizoandikwa kwenye karatasi ya sabufa yako. Tumia MDF ya milimita 18, gundi ya mbao kila ukingo na silikoni ndani ya pembe. Boksi lifungwe kwenye bodi kwa boliti. Breki ya ghafla hulirusha lisilofungwa mpaka kwenye migongo ya waliokaa nyuma.

Kurekebisha sauti

Geini si kitufe cha sauti. Inalinganisha nguvu inayotoka kwenye redio na ile amplifaya inayoitarajia. Ikizidi, mawimbi yanakatwa vichwa, na mawimbi yaliyokatwa vichwa ndiyo yanayounguza twita.

Chomoa spika zote kwenye amplifaya. Weka toni za redio zote sifuri, zima kila kiongeza besi, punguza geini mpaka mwisho. Piga mlio wa majaribio wa 1000 Hz uliorekodiwa kwa desibeli sifuri, pandisha redio mpaka robo tatu ya mwisho wake. Weka multimita kwenye volti za AC, gusa matundu ya spika kwenye amplifaya. Volti unayoitafuta ni kipeuo cha pili cha wati zidisha omu. Spika ya wati 60 na omu 4: 60 mara 4 ni 240, kipeuo chake cha pili ni volti 15.5. Pandisha geini polepole mpaka usome hapo, acha. Kwa sabufa tumia mlio wa 50 Hz. Wati 250 kwa omu 2 ni volti 22.4. Redio usiipitishe tena robo tatu.

Chomeka spika. Milango iwekee filta ya kuzuia sauti za chini kwenye 80 Hz, sabufa iruhusu za chini ya 80 pekee. Kisha shusha sabufa mpaka usijue iko nyuma. Besi zikisikika kama zinatoka kwenye dashibodi, umefika.

Kama redio ina ucheleweshaji wa sauti, pima kwa futi kamba kutoka kichwani kwako mpaka kila spika. Sisi ambao usukani wetu uko kulia, spika ya kulia inaweza kuwa sentimita 80 na ya kushoto 130. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa kila milisekunde, kwa hiyo tofauti ya sentimita 50 ni milisekunde 1.5. Chelewesha ya kulia kwa kiasi hicho. Mara ya kwanza nilipofanya hivi mwimbaji wa taarab alihama kutoka kwenye goti langu la kulia akaja kusimama katikati ya dashibodi. Nilizima redio na kuwasha tena, kuhakikisha sijidanganyi.

Mluzi unaopanda na injini

Ukikanyaga mafuta na mluzi ukapanda, kelele za alteneta zimeingia kwenye muziki. Usikimbilie kununua filta. Zima kila kitu, chomoa RCA kwenye amplifaya, washa tena. Mluzi ukibaki, tatizo ni ethi au umeme wa amplifaya: cheza muziki huku multimita ikiwa kati ya hasi ya betri na ethi ya amplifaya, ikizidi volti 0.2 rudia kukwaruza na kukaza. Mluzi ukiondoka, tatizo liko kwenye redio au njia ya RCA. Huenda umepitisha RCA pamoja na umeme, au ethi ya ndani ya RCA za redio imeungua. Hiyo huungua kwa kuchomeka na kuchomoa RCA umeme ukiwa umewaka. Zima kwanza, kila mara.

Baada ya wiki moja ya kuendesha, kaza tena boliti ya ethi na vichwa vya betri, maana shaba hujipanga upya ikishabanwa. Piga muziki kwa saa nzima, kisha fungua boneti uguse kishikilia fyuzi kwa mkono. Uvuguvugu ni kawaida. Kikikuchoma, kuna kiungo kimelegea; kifungue leo hiihii, usisubiri wikendi.